Jinsi ya Kuandika GPA Yenye Uzito Katika Maombi ya Chuo Marekani

Kila ifikapo Septemba maswali kuhusu GPA, yaani wastani wa alama unaoandikwa kwenye transkripti (rekodi rasmi ya alama za shule), ni yale yale. "Transkripti ya mtoto ina GPA mbili, 3.64 na 4.00, tuandike ipi?" Halafu linafuata la pili: "Kama skeli ni ya 4, mbona binti wa jirani ana 4.6?" Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa darasa la 12 anayesoma Marekani, pamoja na mzazi wake aliyesoma Tanzania, Kenya au Kongo na ambaye katika shule yake somo gumu na somo jepesi vilihesabiwa sawasawa. Karibu na mwisho ipo sehemu ya wale wanaoomba wakiwa nyumbani Afrika Mashariki, au waliohamia Marekani katikati ya sekondari.

Neno moja kabla ya yote: kazi yako katika fomu ni kunakili, si kukokotoa. Makosa mengi niliyoyaona yalifanywa na watu hodari wa hesabu.

Unachopaswa kuelewa, kwa ufupi

Katika GPA isiyo na uzito, A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1 na F ni 0, haidhuru somo lilikuwa la ngazi gani. Shule nyingine hutenganisha A na A-, ambayo hupewa 3.7, na B+, ambayo hupewa 3.3. Katika GPA yenye uzito, somo la ngazi ya juu huongezewa pointi: mara nyingi nusu pointi kwa masomo ya Honors (somo la kawaida lililoongezewa ugumu), na pointi nzima kwa masomo ya AP na IB (programu za kiwango cha chuo zenye mitihani yake), ndiyo maana A ya AP huweza kuwa 5. Nimesema "mara nyingi" kwa makusudi, kwa sababu hakuna sheria ya taifa inayotawala jambo hili. Kila wilaya ya elimu, na wakati mwingine kila shule, ina utaratibu wake. Zipo shule zinazotoa wastani wa asilimia, zipo zisizotoa uzito kabisa, na zipo zisizotoa GPA ya namna yoyote. Kwa hiyo nambari peke yake, bila skeli yake na bila kusemwa kama ina uzito au haina, haimwambii msomaji kitu.

Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Transkripti ya shule inayoishia mwisho wa darasa la 11. Ukurasa wa alama unaouona kwenye simu hautoshi, kwa kuwa huonyesha alama za muhula unaoendelea, nazo hupanda na kushuka kila wiki.
- Wasifu wa shule, yaani waraka mfupi ambao mshauri wa shule huutuma vyuoni pamoja na transkripti. Humo ndimo inapoelezwa skeli, uzito unaotolewa kwa kila ngazi ya somo, na kama shule inapanga wanafunzi kwa nafasi. Shule nyingi huuweka kwenye tovuti yao; usipouona, uombe.
- Orodha ya vyuo unavyoomba, na mbele ya kila kimoja mfumo wa maombi kinaoutumia: Common App (fomu moja ya mtandaoni inayopokelewa na vyuo vingi), fomu ya Chuo Kikuu cha California (UC), au fomu ya chuo chenyewe.
- Transkripti za shule zote za sekondari ulizopitia, hata kama ulikaa muhula mmoja tu.

Hatua ya 1: Soma transkripti yote, mstari kwa mstari

Tafuta mahali palipoandikwa GPA, na uangalie maneno yaliyo jirani nayo. "Weighted" ni yenye uzito, "Unweighted" ni isiyo na uzito, na "Cumulative" ni ya jumla, kuanzia darasa la 9 hadi leo. Unayoitafuta ni ya jumla, si ya muhula mmoja wala ya mwaka mmoja. Kisha pitia kila somo na alama yake. Ukikuta kosa, kwa mfano somo la AP lililoandikwa kama la kawaida, au alama ya somo ulilorudia kiangazi ambayo haijaingizwa, lipeleke kwa mshauri sasa, kwa kuwa mwishoni mwa Oktoba mshauri mmoja huwa na mamia ya wanafunzi wanaokimbilia tarehe 1 Novemba, siku ya mwisho ya maombi ya mapema katika vyuo vingi.

Hatua ya 2: Mwulize mshauri maswali matatu

Mwandikie barua pepe fupi na ya heshima ukimwuliza hivi: katika ripoti ya shule utakayoituma, utaandika GPA ipi kwa ajili yangu? Utaandika skeli gani? Je, shule inaripoti nafasi za wanafunzi darasani?

Mwanafunzi na mshauri wake hujaza fomu mbili tofauti zenye maswali yanayofanana, na chuoni fomu hizo huwekwa katika faili moja. Ukiandika 4.00 kwenye skeli ya 5 na mshauri akaandika 3.64 kwenye skeli ya 4, hakuna aliyesema uongo, lakini umempa msomaji wa faili lako sababu ya kusimama na kujiuliza, wakati ungependa aendelee kusoma insha yako. Fuata jibu la mshauri. Kama transkripti ina GPA zote mbili naye akasema uchague mwenyewe, andika yenye uzito na uitaje kuwa ina uzito.

Hatua ya 3: Jaribu hesabu, lakini kwa kujifunza tu

Tuchukue masomo ya darasa la 11 ya mwanafunzi mmoja wa California, ambaye shule yake huongeza nusu pointi kwa Honors na pointi moja kwa AP:

- Kiingereza cha AP, B, krediti 1 (krediti ni kipimo cha urefu wa somo; hapa 1 ni mwaka mzima)
- Historia ya Marekani ya Honors, A, krediti 1
- Aljebra ya pili, A, krediti 1
- Kemia ya Honors, B, krediti 1
- Kihispania, A, krediti 1
- Mazoezi ya viungo, A, krediti 0.5, kwa kuwa yalifundishwa muhula mmoja

Bila uzito, masomo matano ya kwanza yanatoa 3 + 4 + 4 + 3 + 4, yaani 18, na mazoezi ya viungo yanatoa nusu ya 4, yaani 2. Jumla ni 20, ukigawa kwa krediti 5.5 unapata 3.64. Kwa uzito, Kiingereza kinakuwa 4, Historia 4.5, Aljebra 4, Kemia 3.5, Kihispania 4, na mazoezi ya viungo yanabaki 2. Jumla ni 22, ukigawa kwa 5.5 unapata 4.00 kamili.

Tazama hiyo 4.00. Mtu asiyeambiwa kwamba ina uzito ataidhani ni ya mwanafunzi aliyepata A katika kila somo, kumbe ndani yake mna B mbili. Chuo kikishapokea transkripti kitaziona B hizo, na hapo ndipo nambari ambayo ni sahihi kabisa inapoanza kufanana na udanganyifu, kwa sababu tu mwombaji alichagua "Unweighted" badala ya "Weighted" kwenye fomu.

Onyo la pili limo katika hesabu hiyo hiyo. Mwaka mmoja nilimsaidia mpwa wangu kujumlisha masomo kama haya, tukagawa kwa sita badala ya krediti 5.5, tukapata 3.67 na kufurahi. Mshauri wake ndiye aliyetukamata. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa ni nambari ambayo haikuwa imeandikwa mahali popote katika karatasi za shule, na sikuwa na jibu nilipoulizwa ilitoka wapi. Tangu hapo hesabu yangu huishia kwenye karatasi ya pembeni: ikilingana na transkripti, vizuri, isipolingana, ninauliza, wala siijazi yangu.

Hatua ya 4: Jaza sehemu ya GPA katika Common App

Fungua sehemu ya elimu, kisha kipengele cha alama. Utakutana na mambo matatu yanayokwenda pamoja: GPA ya jumla, skeli, na kama ina uzito au haina. Yajaze yote matatu kwa mkupuo mmoja, ukiitazama transkripti, ili usije ukachukua nambari kutoka mstari mmoja na skeli kutoka mstari mwingine.

Kosa linaloongoza kwa wingi ni kuandika 4.27 kisha kuchagua skeli ya 4. Kama shule yako humpa A ya AP pointi 5, kwa kawaida skeli yake yenye uzito ni ya 5, na 4.27 inakaa humo bila shida. Hata hivyo zipo shule ambazo wasifu wao husema wazi kwamba skeli ni ya 4 na kwamba wanafunzi wa AP huivuka. Hapo andika kama wasifu unavyosema na kama mshauri alivyokujibu katika hatua ya 2. Usijitungie skeli ili nambari ionekane nzuri.

Usipandishe nambari zaidi ya kisanduku kinavyolazimisha. 3.48 haigeuki kuwa 3.5. Kama transkripti ina 3.8472 na kisanduku hakipokei tarakimu zote, andika 3.85, lakini usifike 3.9.

Usiandike GPA unayotarajia kuifikia Desemba. Fomu inauliza ulichonacho. Alama za muhula wa kwanza wa darasa la 12 zitapelekwa na shule katika ripoti ya katikati ya mwaka.

Hatua ya 5: Nafasi darasani

Kama shule haipangi wanafunzi kwa nafasi, chagua "None" uendelee. Usikisie. Mzazi wa kwetu, aliyezoea ripoti ya muhula inayosema "wa 3 kati ya 52", huona kuacha nafasi tupu ni kujipunja, lakini shule nyingi za Marekani zimeacha kupanga wanafunzi, na wasomaji wa maombi wanalijua hilo. Kama shule inapanga, angalia pia kama nafasi hiyo ilitokana na GPA yenye uzito, maana fomu itakuuliza.

Hatua ya 6: Masomo ya mwaka huu

Hapa unaorodhesha masomo ya darasa la 12 pamoja na ngazi ya kila moja. Chagua AP au Honors pale tu transkripti au ratiba yako inaposema hivyo. Somo lililokutesa usiku na mchana si la Honors kwa sababu ya mateso hayo.

Usichanganye pia alama ya darasa na alama ya mtihani. Mtihani wa AP unaofanywa Mei hupewa alama kuanzia 1 hadi 5 na una sehemu yake katika fomu. Uzito ulioingia katika GPA yako ulitokana na alama ya mwalimu darasani. Mwanafunzi aliyepata 2 katika mtihani na A darasani haipotezi pointi yake ya ziada, na aliyepata 5 katika mtihani haongezewi.

Hatua ya 7: Ikiwa unaomba Chuo Kikuu cha California

Sahau yote ya hatua ya 4. Fomu ya UC, inayotumika kwa kampasi zake zote tisa zinazopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, haikuulizi GPA. Inakutaka uandike kila somo na kila alama tangu darasa la 9, nayo hukokotoa kwa kanuni zake. Huhesabu masomo ya kundi linaloitwa A-G tu, yaani masomo ya kitaaluma ambayo UC inayataka, yaliyosomwa kuanzia kiangazi baada ya darasa la 9 hadi kiangazi baada ya darasa la 11. Jumlisha na toa zilizo mbele ya herufi hazihesabiwi, kwa hiyo A- ni A. Somo la Honors lililoidhinishwa na UC, la AP au la IB huongezewa pointi nzima ikiwa alama ni C au zaidi, lakini nyongeza hiyo haizidi mihula minane, na katika hiyo isiyozidi minne ndiyo inayoweza kutoka darasa la 10. Aliyesoma nje ya California hupewa nyongeza kwa AP na IB, si kwa Honors za shule yake.

Mrudie yule mwanafunzi wetu. Mazoezi ya viungo yanaondoka, na tuseme Honors zake zimeidhinishwa na UC. Kiingereza kinabaki 4, Historia ya Honors inakuwa 5, Aljebra 4, Kemia ya Honors 4, Kihispania 4: jumla 21, ukigawa kwa 5 ni 4.20. Mwaka mmoja wa masomo, mtoto mmoja, na sasa tuna 3.64, 4.00 na 4.20, zote za kweli. UC pia ina kiwango cha chini, 3.0 kwa mkazi wa California na 3.4 kwa asiye mkazi, nacho hupimwa kwa GPA hii ya UC wala si ile ya shule.

Hapa kosa la kunakili ni ghali kuliko mahali pengine popote, kwa sababu UC huamua kwa ulichokiandika na kuikagua transkripti rasmi baadaye, baada ya mwanafunzi kukubali nafasi. Ikionekana tofauti, nafasi inaweza kufutwa.

Hatua ya 8: Vyuo vinavyotaka ujaze rekodi nzima

Vyuo kama Rutgers na Penn State huwataka waombaji wajaze wenyewe kila somo na kila alama badala ya kungoja transkripti. Tenga saa mbili, zima televisheni, na mtu mmoja asome kwa sauti mwingine akiandika. Andika jina la somo kama lilivyo kwenye transkripti, pamoja na vifupisho vyake. D uliyoifuta kwa kurudia somo bado ni sehemu ya rekodi kama transkripti inaionyesha.

Hatua ya 9: Kagua kisha utume

Tengeneza nakala ya PDF ya fomu kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho, iweke kando ya transkripti, na umpe mtu ambaye hakuijaza alinganishe nambari tu. Bibi asiyejua Kiingereza anaiweza kazi hii vizuri sana, kwa kuwa hatavutwa na maneno.

Kwa waliosoma nje ya Marekani

Unayeomba ukiwa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu, na shule yako haitoi GPA, usijitengenezee. Acha kisanduku cha GPA na uchague "None" kwenye skeli, kisha ujaze sehemu ya mitihani ya taifa kwa herufi zile zile zilizo kwenye cheti. Hatari ya kugeuza ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika matokeo ya kidato cha sita ya NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, pointi 3 za daraja la kwanza ndizo bora kupita zote, lakini 3 iliyoandikwa katika kisanduku cha GPA inasomeka kama B. Asilimia 70 ya shule ya Kongo ni ya kujivunia, ilhali katika shule nyingi za Marekani 70 ni C. Wanaosoma maombi ya nje hukutana na KCSE (mtihani wa taifa wa Kenya) na NECTA kila mwaka, nao wana vitabu vyao vya kulinganishia. Chuo kikitaka tathmini ya vyeti kutoka taasisi kama WES, kitasema, na tathmini hiyo hutumwa kando. Ofisi za EducationUSA zinazosimamiwa na ubalozi wa Marekani, Nairobi na Dar es Salaam, hutoa ushauri huu.

Aliyehamia katikati, kwa mfano aliyeanza sekondari katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa mtaala wa Kongo au ya Kakuma kwa mtaala wa Kenya kisha akaingia darasa la 10 Marekani, atakuta transkripti yake ya sasa ina krediti za zamani zilizopewa P (yaani amefaulu) bila pointi, au hazimo kabisa. GPA yake ni ya miaka ya Marekani peke yake, na hiyo ndiyo ya kuandika. Orodhesha shule ya awali mahali pa shule nyingine, na katika nafasi ya maelezo ya ziada eleza kwa sentensi mbili: ulisoma wapi, mwaka gani hadi gani, na kwamba GPA inaanzia darasa fulani. Usieleze historia ya safari yote hapo. Ina nafasi yake katika insha ukipenda.

Yakitokea haya

*Umeshatuma, kisha ukaona kosa.* Katika Common App huwezi kubadilisha fomu iliyokwisha kupokelewa na chuo, lakini unaweza kuirekebisha kwa ajili ya vyuo ambavyo hujavitumia. Kwa kile kilichopokea, iandikie ofisi ya udahili siku hiyo hiyo: jina lako, namba yako ya maombi, nambari uliyoandika, nambari sahihi. Basi. Mwarifu na mshauri wako.

*Wastani wa shule ni 101.3 kwenye skeli ya 100.* Hutokea pale uzito unapoongezwa juu ya asilimia. Andika kama ulivyo, chagua 100 na useme una uzito, mradi mshauri naye anaripoti hivyo. Usiugeuze kuwa wa skeli ya 4.

*Umesoma shule mbili za Marekani zenye skeli tofauti.* Tumia GPA ya jumla inayotolewa na shule ya sasa. Usitafute wastani wa GPA mbili; mara nyingi shule ya pili imeshaziingiza alama za kwanza kwa utaratibu wake, na ukijumlisha tena utakuwa umezihesabu mara mbili.

*Transkripti inaonyesha GPA moja bila kusema ni ya aina gani.* Tafuta muhula ambao ulipata A katika somo la AP au Honors na uangalie GPA ya muhula huo. Ikizidi 4, mara nyingi ina uzito. Isipozidi, bado hujapata jibu, kwa hiyo fungua wasifu wa shule, na wasifu ukinyamaza, nenda mlangoni kwa mshauri ukiwa na karatasi mkononi.